Sura ya Sita: Utando wa Mafuta na Mvuke wa Zebaki

Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, kaskazini mashariki mwa mji wa Shinyanga. Miaka saba baadaye ardhi hiyo ilitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, naye Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa. Wengi wanaijua habari hiyo. Wachache wanajua namna viwanda vya almasi duniani vinavyolitenga jiwe hilo na changarawe. Njia ya zamani ni meza iliyopakwa grisi. Changarawe na maji hupitishwa juu yake, mawe ya kawaida huloa na kusombwa, lakini almasi hailoi, hivyo hunasa kwenye mafuta. Njia iliyokuja baadaye ni eksirei. Almasi ikipigwa na mionzi hiyo hutoa mwanga wake yenyewe, mashine huuona, na pumzi ya hewa hulisukuma jiwe pembeni.

Kuna vitu vinavyoyakwepa maji na kushikamana na mafuta. Kuna vitu vinavyopokea mwanga wa aina moja na kuurudisha ukiwa wa aina nyingine. Sayansi tutakayoieleza katika sura hii imejengwa juu ya tabia hizo mbili. Ni kazi ya wanabiofizikia wanaochunguza utando wa seli kwa kutumia mwanga, na inajibu swali linalogusa maisha ya maelfu ya watu kati ya Shinyanga na Geita: zebaki inaingiaje mwilini, na kwa nini ikishaingia haitoki kwa urahisi?

Kutoka duarani hadi motoni

Dhahabu ya ukanda huu imelala ndani ya miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, inayozunguka upande wa kusini wa Ziwa Victoria. Wajerumani waliikuta Geita mwishoni mwa karne ya 19. Leo migodi mikubwa inaichimba kwa mitambo, huku wachimbaji wadogo wakiifuata kwa mikono yao Rwamagasa, Nyarugusu na Mgusu mkoani Geita, na Mwakitolyo na maeneo ya Kahama mkoani Shinyanga. Nchi nzima wachimbaji wadogo wanakadiriwa kuzidi milioni moja, na nyuma ya kila mmoja kuna familia inayokula kutokana na jasho lake.

Mawe hutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yakapondwa na kusagwa kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe. Unga wake huoshwa mwaloni, mahali pa kuoshea, mchanga mzito uliobeba dhahabu ukabaki, mwepesi ukaenda na maji. Mchanga huo mzito hutiwa kwenye beseni pamoja na zebaki na kukandwa, mara nyingi kwa mikono mitupu. Wachimbaji huita hatua hii kukamatisha, kwa sababu zebaki huzikamata punje za dhahabu zisizoonekana kwa macho na kuzikusanya kuwa donge moja. Donge hilo hukamuliwa kwenye kitambaa, kisha huchomwa.

Kuchoma ndiyo hatua inayotuhusu zaidi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, na dhahabu haiyeyuki mpaka zifike nyuzi 1,064. Moto wa kawaida wa mkaa unatosha kuifukuza zebaki na kuiacha dhahabu peke yake. Mchimbaji anaona donge la rangi ya fedha likigeuka taratibu kuwa la manjano, na anajua kazi imekwisha. Hauoni mvuke ulioondoka, kwa kuwa hauna rangi, na pua haiwezi kumwonya, kwa kuwa hauna harufu. Anayechomea uani, karibu na mahali chakula kinapopikwa na watoto wanapocheza, haoni ishara yoyote ya kumfanya asogee.

Duniani kote uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza kwa kumwaga zebaki hewani miongoni mwa shughuli za binadamu. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 iliuhesabia karibu asilimia 38 ya zebaki yote hiyo.

Mpaka wenye unene wa nanometa tano

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Evert Gorter na François Grendel, walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakapima eneo lake. Waliona kuwa mafuta hayo yalifunika takriban mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Wakahitimisha kuwa utando wa seli una matabaka mawili ya mafuta yaliyobanana. Mafuta hayo huitwa lipidi. Kila molekuli ya lipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikiwekwa majini zinajipanga zenyewe: vichwa vinatazama nje kwenye maji pande zote mbili, mikia inajificha katikati.

Utando huu una unene wa nanometa nne hadi tano. Ukipanga tando elfu ishirini, moja juu ya nyingine, ndipo utapata unene wa karatasi moja ya daftari. Hata hivyo, juu ya wembamba huo ndiko uhai ulikosimama. Ioni za sodiamu na potasiamu, kwa kuwa zina chaji ya umeme, haziwezi kupenya katikati ya mikia ya mafuta. Zinalazimika kupita kwenye protini maalumu zinazofunguka na kufungika kwa wakati wake. Tofauti ya ioni kati ya ndani na nje ndiyo inayoiwezesha neva kupeleka ujumbe, moyo kudunda na mkono kushika nyundo bila kutetemeka.

Vitu vidogo visivyo na chaji havizuiliwi hivyo. Oksijeni hupita moja kwa moja kwenye mafuta, nasi tunaishi kwa sababu hiyo. Mvuke wa zebaki nao ni atomu moja moja zisizo na chaji. Ukivutwa puani unafika kwenye vifuko vya mapafu, unayeyuka katika mafuta ya utando na kutokea upande wa pili, ndani ya damu. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Mwili hauna protini inayoweza kufungwa ili kuuzuia, kwa sababu mvuke haupiti kwenye protini hata kidogo.

Baada ya hapo hutokea jambo baya zaidi. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huinyang'anya zebaki elektroni mbili na kuigeuza kuwa ioni yenye chaji. Mabadiliko haya huchukua muda mfupi, lakini muda huo unatosha kwa sehemu ya mvuke kufika kwenye ubongo, na kwa mjamzito kufika kwenye kondo la nyuma na kwa mtoto aliye tumboni. Ikishageuzwa huko ndani, zebaki inashikana na salfa iliyomo katika protini, na kurudi ilikotoka kunakuwa kugumu. Imeingia kama kitu kinachopenda mafuta, imefungiwa ndani kama kitu chenye chaji.

Hapa ndipo tunapoweza kuelewa ushuhuda unaosikika sana migodini: nimeshika zebaki miaka mingi na sijaumwa. Zebaki ya maji ikimezwa, utumbo hufyonza kiasi kidogo mno, na kupitia ngozi nako huingia kidogo. Mtu aliyeishika leo na kesho akaamka mzima hasemi uongo. Lakini mikono siyo njia kuu ya sumu hii. Njia kuu ni pumzi, na madhara yake hujikusanya polepole katika mfumo wa fahamu na figo: kutetemeka, usahaulifu, hasira zisizo na sababu, usingizi kupotea. Kwa jinsi hiyo hiyo maziwa, ambayo wengi wanaamini husafisha sumu, hayawezi kusaidia. Yanakwenda tumboni, wakati mvuke umekwishapita mapafuni.

Mwanga unaouliza, mwanga unaojibu

Utando mwembamba hivyo hauwezi kushikwa wala kukunjuliwa ili kuuliza hali yake. Ndiyo maana wanasayansi wakaugeukia mwanga.

Mwaka 1845 Mwingereza John Herschel aliona kuwa maji yaliyotiwa kwinini, dawa ile chungu ya malaria, hutoa mng'ao wa buluu yakipigwa na jua. Mwaka 1852 George Stokes alieleza kinachotokea: kwinini hupokea miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, kisha huirudisha ikiwa na nguvu pungufu kidogo, na kwa hiyo inaonekana. Tabia hiyo aliipa jina la fluoresensi.

Aliyeigeuza fluoresensi kuwa chombo cha kuchunguzia molekuli za uhai ni Gregorio Weber, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Uingereza na baadaye Marekani. Weber hakuridhika na rangi zilizokuwepo. Alizitengeneza nyingine kwa makusudi, kila moja na swali lake. Mwaka 1979 alitangaza rangi iitwayo prodani, ambayo mwanga wake hubadilika kulingana na mazingira iliyomo. Kutokana nayo ikaja laurdani, yenye mkia mrefu wa mafuta unaoifanya izame ndani ya utando na kutulia humo. Mwaka 1990 Tiziana Parasassi wa Italia na Enrico Gratton, wakiwa na wenzao, walionyesha namna ya kuusoma mwanga wa laurdani kwa hesabu.

Ili kuelewa laurdani inasema nini, fikiria chupa ya samli katika nyumba ya mfugaji wa Usukumani. Asubuhi ya baridi samli imeganda, molekuli zake zimebanana. Jua likipanda inalegea na kutiririka. Utando wa seli nao una hali hizo mbili, na afya yake inategemea kukaa katikati: usiwe mgumu kiasi cha protini kushindwa kusogea, wala usiwe mlegevu kiasi cha kuvujisha. Utando ukibanana, maji hayapati nafasi ya kujipenyeza kati ya lipidi, na laurdani hutoa mwanga wa buluu wenye urefu wa mawimbi wa nanometa 440 hivi. Utando ukilegea, molekuli chache za maji huingia, zikaigusa laurdani na kuipunguzia nguvu, na mwanga wake husogea kuelekea kijani, nanometa 490. Mtafiti hupima mwanga wa pande zote mbili, akaondoa mmoja kwa mwingine na kugawanya kwa jumla yake. Namba moja inayotoka inamweleza utando umekaza au umelegea kiasi gani, na inapobadilika baada ya kutiwa dawa au sumu, anajua kuwa utando umeguswa.

Kuna njia nyingine ya kuuliza kama utando unavuja. Watafiti hutengeneza vifuko vidogo vya lipidi, viitwavyo liposomu, ambavyo Alec Bangham wa Uingereza alivichunguza kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1960. Ndani yake hujaza rangi iitwayo kalseini kwa wingi mno, na katika msongamano huo molekuli zake huzimana zenyewe kwa zenyewe. Utando ukitoboka, kalseini hutoka, hutawanyika majini na kuwaka. Kadiri chombo kinavyozidi kung'aa ndivyo uharibifu ulivyozidi.

Mwanga ulivyoiona zebaki

Mwaka 1981 John Gutknecht wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alitaka kujua kama zebaki iliyokwisha kuwa ioni inaweza kuvuka utando wa mafuta. Yeye alitumia zebaki yenye mionzi ili aifuatilie. Ioni tupu haikuvuka kwa kiasi cha maana. Lakini katika maji yenye kloridi, yaani chumvi kama iliyomo mwilini mwetu, kila ioni ya zebaki hushikana na kloridi mbili, chaji zikafutana, na mchanganyiko huo ulivuka kwa wepesi mara 20 hivi kuliko maji yenyewe. Ukiulinganisha na sodiamu au potasiamu, wepesi huo ni zaidi ya mara milioni moja. Chumvi ya kawaida, iliyo katika kila tone la damu, inaipa zebaki njia ambayo chaji yake ingeifunga.

Mwaka 1989 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, akiwemo Marie Delnomdedieu, waliuliza zebaki inafanya nini inapokutana na vichwa vya lipidi. Kwa kutumia rangi zinazong'aa walionyesha kuwa inashikana na lipidi zenye kundi la amini kichwani, hasa fosfatidilserini na fosfatidiletanolamini, na kwamba ikishikana nazo mwendo wa lipidi ndani ya utando hubadilika. Lipidi hizo mbili ni muhimu. Kwa kawaida seli huiweka fosfatidilserini upande wa ndani wa utando wake. Ikitokeza nje huwa ishara ya damu kuganda, au ya kwamba seli imezeeka na inapaswa kuondolewa. Fosfatidiletanolamini nayo imejaa tele katika tando za ubongo.

Kazi hiyo iliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, na kundi la mwanabiofizikia Elmar Prenner. Walichukua lipidi za aina mbalimbali, moja baada ya nyingine, wakatengeneza liposomu, wakatia laurdani, kisha wakaongeza zebaki au kadmiamu, metali nyingine yenye sumu, na kusoma mwanga. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017, zebaki ilionekana kuchagua: aina fulani za lipidi iliziendea zaidi kuliko nyingine, na mbele ya kadmiamu ilishindania nafasi za kushika. Matokeo hayo yanatuambia kuwa utando wenyewe ni mahali sumu inapofanyia kazi. Kwa muda mrefu wataalamu waliutazama kama njia tu ya kwenda kwenye protini, lakini sasa tunajua kuwa mafuta nayo hujeruhiwa.

Liposomu, hata hivyo, haina damu, haina figo wala mtoto. Inaeleza jinsi kitu kinavyoweza kutokea. Ili kujua kama kinatokea kwa watu, na kwa kiasi gani, lazima mtu aende Geita.

Damu, nywele na mihogo ya Rwamagasa

Waliokwenda ni wengi. Mjapani Masazumi Harada, daktari aliyetumia maisha yake kuwahudumia na kuwatetea waathirika wa zebaki wa mji wa Minamata nchini mwake, alikuja Kanda ya Ziwa na wenzake, wakapima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza, wakatoa ripoti mwaka 1999. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, madaktari walipima damu, mkojo na nywele za watu wa Rwamagasa na kuwalinganisha na wa Katoro. Walipima pia kutetemeka kwa vidole na uthabiti wa mwendo. Walioelemewa zaidi walikuwa wale wanaochoma. Matokeo hayo yanalingana na kile ambacho utando ungekufanya utarajie, kwa kuwa mchomaji ndiye aliye karibu zaidi na mvuke.

Kisha ukaja ushirikiano wa Chuo Kikuu kile kile cha Calgary na Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, Bugando, Mwanza. Mwaka 2014 Elias Nyanza, Deborah Dewey na wenzao walichapisha vipimo vya zebaki na aseniki katika maji, udongo na mihogo ya jamii yenye historia ndefu ya uchimbaji mkoani Geita. Baadaye waliwafuatilia wajawazito wapatao elfu moja kaskazini mwa Tanzania, wengine wanaoishi maeneo ya wachimbaji wadogo na wengine nje yake. Ripoti zao za mwaka 2019 na 2020 zilionyesha kuwa wanawake wa maeneo ya uchimbaji walikuwa na zebaki na aseniki zaidi mwilini, na kwamba viwango vya juu vilihusishwa na matatizo makubwa ya uzazi, yakiwemo watoto kuzaliwa wafu na kuzaliwa na uzito pungufu.

Wengi wa akina mama hao hawakuwa wachomaji. Wengine wanaponda mawe, wengine wanauza chakula mwaloni, wengine ni majirani tu. Kwa macho ya mwanabiofizikia hakuna la kushangaza. Mapafu ya muuza chapati yana utando ule ule alionao mwenye duara, na kondo la nyuma lina utando mwingine unaoukaribisha mvuke kama ulivyokaribishwa mapafuni.

Kinga iko nje ya mwili

Kila kitu tulichokieleza kinatupeleka kwenye hitimisho moja la kivitendo. Utando hauna namna ya kuukataa mvuke wa zebaki, kwa hiyo kinga yoyote inayosubiri mvuke ufike mwilini imechelewa. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi, nalo lina madhara yake, lakini atomu ya zebaki ni ndogo mno kuzuiwa na nyuzi. Kinachosaidia ni kuuzuia mvuke kabla haujafika hewani.

Chombo cha kufanya hivyo ni retoti, chungu cha chuma chenye mfuniko uliobana na bomba. Donge huchomwa ndani yake, mvuke hupita kwenye bomba lililopozwa na maji, hugeuka tena kuwa zebaki ya maji na kudondoka kwenye chombo, tayari kutumika upya. Ikitumika vizuri, sehemu kubwa ya zebaki iliyokuwa ipotee hurudi mkononi mwa mwenyewe, na zebaki ni fedha aliyoilipia. Kabla ya retoti kufika, kuchomea mbali na nyumba, mahali penye upepo, na kuwaweka mbali wajawazito na watoto ni hatua isiyogharimu chochote.

Hatua kubwa zaidi ni kuiacha zebaki kabisa. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limejenga vituo vya mfano Rwamagasa mkoani Geita, Katente wilayani Bukombe na Itumbi wilayani Chunya, ambako mawe huchenjuliwa kwa sayanidi katika matangi yanayosimamiwa. Sayanidi nayo ni sumu kali, na inahitaji usimamizi wa kweli. Hatari huzidi pale inapomwagwa juu ya marudio, yaani mabaki ya mchanga, yaliyokwisha kutiwa zebaki, kwa sababu huiyeyusha zebaki hiyo na kuipa wepesi wa kusafiri na maji. Kwa hiyo mabadiliko lazima yaanzie mwanzo wa mnyororo, kabla zebaki haijagusa mawe.

Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, uliridhiwa na Tanzania mwaka 2020. Unazitaka nchi zikomeshe uchomaji wa donge katika moto wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu. Aliyeandika masharti hayo na aliyepima mwanga wa laurdani katika maabara ya Calgary hawakukaa meza moja, lakini wamefika mahali pamoja.

Nasi hatuna haja ya kusubiri ushahidi mwingine ndipo tuchukue hatua. Utafiti zaidi unahitajika, na ni haki kuwatamani vijana wa Geita na Kahama watakaosoma fizikia na kuupima wao wenyewe utando wa damu ya watu wao. Lakini mwenye karasha, afisa madini, mganga wa zahanati na mwenyekiti wa kijiji wanajua vya kutosha leo kukubaliana mambo matatu: retoti kila mwaloni, moto nje ya makazi, na kituo cha uchenjuaji kisicho na zebaki kilicho karibu na chenye bei ambayo mchimbaji mdogo anaweza kuilipa bila kupata hasara.